Siku za Mwizi Katika Muji wa Goma: Wizi Uligeuka Namna Gani Tangu Wakati wa Mbelgiji Hadi Leo

1. Kwa kuanza

Wazee walituachia methali inayosema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Maana yake kila mutu anaijua: mwizi anaweza kula leo, akala na kesho, lakini siku moja itafika atakamatwa. Ilikuwa methali ya kumtuliza moyo yule aliyeibiwa. Lakini ukitaja arobaini mbele ya wanafunzi wetu wa leo katika Goma, hawafikiri methali. Wanafikiri wale vijana wenye visu na mapanga ambao kartie zetu ziliwaita "wezi arobaini", wale wanaongojea watu kwenye kona saa ya giza. Hesabu iliyokuwa faraja imekuwa jina la woga.

Siku moja tukifundisha somo la uraia, mwanafunzi mmoja aliinua mukono akauliza: "Mwalimu, mwizi wanamukamata leo, wanamupeleka ku kasho, kisha siku mbili tunamuona tena ku avenyu anatuchekelea. Sasa sisi tumufanye nini?" Darasa zima lilicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Wote walijua jibu ambalo muji ulikwisha kulitoa: taili na petroli.

Andiko hili ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule kwa njia ya historia. Tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, kila aina ya wizi katika Goma ina wakati wake wa kuzaliwa. Haikuanguka toka mbinguni wala haimo katika damu ya wenyeji. La pili, kumchoma mwizi, jambo ambalo wengine wanaliita desturi ya mababu, si la mababu hata kidogo.

2. Mbele ya muji: yowe na fidia

Pale Goma ilipo leo palikuwa inchi ya Bukumu, kati ya ziwa na mulima Nyiragongo. Wakumu, Wahunde, Wanyarwanda, Wanande na Washi ambao watoto wao wanakaa hapa leo, kila kabila lilikuwa na namna yake ya kuhukumu. Lakini ukiwasikiliza wazee wa makabila haya mmoja mmoja, utaona mambo mawili yanarudi kwa wote.

La kwanza ni yowe. Mutu akivamiwa anapiga kelele, na kila anayesikia analazimika kutoka nyumbani, hata kama na yule jirani hawasemezani. Asiyetoka siku ile, kesho yake anaulizwa mbele ya watu. La pili ni fidia. Mwizi aliyekamatwa anapelekwa kwa wazee, wanakaa kwenye barza. Wanande wana nyumba yao ya mazungumzo, kyaghanda. Wanasikiliza, wanakata maneno, na mwizi pamoja na jamaa yake wanalipa mbuzi, kuku, pombe, wakati mwingine zaidi ya kile kilichoibiwa. Haya ilikuwa kubwa, kwa sababu ukoo mzima ulilipa na ukoo mzima uliitwa wa wezi. Hatusemi kwamba mababu walikuwa malaika. Kulikuwa mapigo, kulikuwa kufukuzwa, na kulikuwa watu walioonewa kwa kusingiziwa uchawi. Tunasema tu kwamba lengo la barza lilikuwa kurudisha kitu na kurudisha amani, kwa maana mwizi na mwenye mali walipaswa kuendelea kuchota maji pahali pamoja.

3. Wakati wa Mbelgiji: kosa la kutembea

Mupaka na Gisenyi uliwekwa kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Wazungu, na Goma ikakua kama posta ndogo ya Wabelgiji kando ya ziwa. Pamoja na posta yalikuja makosa mapya ambayo wazee hawakuyajua. Katika miji ya Kongo ya Mbelgiji, mutu mweusi kukutwa usiku kwenye kartie ya Wazungu bila karatasi ilikuwa kosa. Kukosa kulipa kodi ilikuwa kosa. Aliyeshikwa alipigwa fimbo, ile kiboko ambayo sheria iliifuta kabisa mwaka 1959 tu, karibu na uhuru.

Wizi wenyewe ulikuwa mudogo: boyi alishtakiwa kwa sukari ya bwana, karani kwa franga chache za dukani. Lakini hapo ndipo kitu kimoja kilianza ambacho tungali nacho. Sheria haikuwa tena ya barza, ilikuwa ya yule mwenye fimbo. Watu walijifunza kumuogopa askari kuliko kumuita.

4. Wakati wa Mobutu: nguo za kambani na magendo

Waliokua hapa katika miaka ya 1970 wanakumbuka muji mudogo ambao mwizi wake alijulikana kwa jina. Aliiba nguo kwenye kamba, kuku, sufuria, redio iliyosahauliwa dirishani. Mwizi wa mifuko alifanya kazi yake mu Birere, ile kartie ya mupakani ambayo jina lake, wengi wanasema, linatoka kwa majani makavu ya migomba.

Wizi mukubwa wa wakati ule haukuitwa wizi. Mwisho wa mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio: maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa wakubwa, na mengi yalikufa katika miaka michache. Kahawa ya Kivu ilianza kupita usiku kwenda Rwanda na Uganda, kwa maana bei ya serikali ilikuwa ya kuchekesha. Huyo aliyepitisha magunia hakujiona mwizi. Alijiona baba anayelisha watoto. Nchi nzima ikaishi kwa kile ilichokiita Artikle 15, maana yake jitafutie mwenyewe. Artikle hiyo haimo katika katiba yoyote ya taifa letu, lakini hakuna artikle nyingine iliyoheshimiwa kama hiyo.

Tukumbuke vizuri hatua hii. Kabla bunduki haijaingia, mpaka kati ya kazi na wizi ulikuwa umekwisha kufutika. Jandarme asiyelipwa aliomba "kahawa" barabarani, karani aliomba "sukari", mwalimu alianza kuuza pointi. Ndiyo, na sisi waalimu tuwemo katika orodha.

5. Miaka ya 1991 hadi 1996: bunduki zinaingia

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Muji ulipata cheo, lakini njaa iliufwata nyuma. Mu Septemba 1991, kisha tena mwaka 1993, askari wasiolipwa waliamsha uporaji ulioanza Kinshasa na kuenea katika miji mingine ya nchi. Hapo raia waliona kitu kipya: mwizi ambaye ndiye mlinzi. Na wengi wetu tusifiche, kisha askari kuvunja mulango, raia waliingia nyuma yao kuokota.

Kisha kukawa Julai 1994. Katika siku chache tu, watu karibu milioni moja walivuka mupaka kutoka Rwanda kisha mauaji ya kimbari. Kolera iliwaua maelfu kwa maelfu. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zilizaliwa, na ndani yake walikuwamo askari walioshindwa pamoja na interahamwe. Bunduki na gruneti ziliuzwa kama samaki. Wale wanaotafuta tarehe ambapo wizi wa silaha ulipanga nyumba katika Goma, sisi tunawaonyesha majira ile. Mbele yake, mutu kuibiwa usiku ilikuwa kuamka na kukuta vitu havipo. Tangu pale, kuibiwa ikawa kuamshwa.

6. Miaka ya 1996 hadi 2008: mwizi mwenye tenu

Novemba 1996 muji uliangukia mikononi mwa AFDL. Agosti 1998 uasi wa RCD ulianzia hapa hapa, ukatawala hadi transisio ya mwaka 2003. Katika miaka ile kulikuwa kadogo waliobeba bunduki ndefu kuliko wao. Wizi wa usiku ulipata sauti yake: hatua za buti, mulango kupigwa, "fungua, tuko askari". Je, walikuwa askari au wezi waliovaa tenu? Mwenye nyumba hakuwa na njia ya kujua, na kisha miaka aliacha kuuliza, kwa sababu jibu halikugeuza kitu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto ukakata muji katikati mpaka ziwani. Katika siku zilizofwata, watu walikwenda kuchota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na jiwe la moto. Kikalipuka na kuua watu makumi. Tunalitaja hapa si kwa kuwahukumu marehemu. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha umaskini ulikuwa umefika wapi: mutu anaingia katika moto kwa ajili ya kidoo cha mafuta.

Mwaka 2007 muji ulipata jina ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Floribert Bwana Chui, kijana wa miaka 26, alifanya kazi ya serikali ya kukagua bidhaa kwenye mupaka. Alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika ambao ungelisha watu sumu. Mwezi wa Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamuua. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenyeheri, kule Roma. Ukitazama historia yetu ya wizi, kifo chake kiko katikati kabisa: wezi wa kalamu na wezi wa bunduki walikuwa wamekwisha kuwa mukono mmoja.

Halafu usiku wa tarehe 29 Oktoba 2008, waasi wa CNDP walipofika kwenye milango ya muji, askari wa serikali walikimbia, na wakikimbia walipora. Watu wasiopungua 20 waliuawa usiku ule, kama walivyoandika watetezi wa haki za binadamu. Adui hakuingia, lakini muji uliamka umevunjwa.

7. Simu, pikipiki na watu wa kutekwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu ya mukononi ilienea. Mbele yake, mali ya maskini ilikuwa nyumbani. Tangu pale, mali yake ilikuwa mfukoni. Mwizi akageuza njia: akaacha dirisha, akafwata barabara. Pikipiki za taksi, ambazo zimelisha vijana wengi wa haki, zilimpa mwizi miguu ya kukimbia. Toka mwaka 2012 feza nazo zilianza kutembea ndani ya simu. Hapo kukaja mwizi asiye na kisu wala uso: "Mama, tumekosea kutuma feza kwako, uturudishie." Mama mchuuza anatuma, jioni anakuta karateli yake imekwisha. Mwizi huyu hakuvunja hata kufuli moja.

Aina nyingine iliyokua ni kuteka watu. Ilianza kwenye njia ya Rutshuru, ikazoeleka kwa wakulima na wachuuzi ambao majina yao hayakusomwa na redio yoyote ya ng'ambo. Dunia ilisikia Mei 2018 wakati watalii wawili Waingereza walipotekwa na mlinzi wa hifadhi ya Virunga akauawa, na tena tarehe 22 Februari 2021 wakati balozi wa Italia, Luca Attanasio, alipouawa karibu na Kibumba. Polepole desturi hii mbaya ikashuka hadi muji wenyewe. Kwanza alitekwa tajiri, kisha mubadilisha feza, kisha mutoto wa mutu yeyote ambaye jamaa yake ingeweza kuuza kiwanja.

Na tusisahau mai-bobo, watoto wa barabara. Kila vita ilileta wengine: yatima wa 1994, kadogo walioachwa na jeshi, watoto wa wakimbizi wa kambi za kuanzia 2022. Muji uliwaogopa mbele ya kuwajua. Wengi wao waliiba chapati. Wachache waliingia katika makundi ya visu. Sisi tuliwaita wote jina moja.

8. Gereza linalofunguka

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia Goma, na wafungwa zaidi ya elfu moja wa gereza la Munzenze wakatoka. Wengi walirudi kwenye kartie ambamo mashahidi wao walikaa. Nani baada ya hapo angekubali kwenda kushuhudia? Mei 2021 serikali iliweka utawala wa kijeshi katika jimbo, na kesi za raia zikapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mafaili yalirundikana, na gereza lililojengwa kwa watu mia chache likafungiwa maelfu. Tangu 2022 vita ilirudi, vijana walipewa au walijipatia silaha, na bunduki zikalala ndani ya kartie pamoja na watu.

Mwisho wa Januari 2025 muji uliangukia tena mikononi mwa M23. Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu maiti 3,000. Munzenze ilifunguka kwa mara nyingine: wafungwa wapatao elfu nne walitoroka, na wanawake zaidi ya 160 waliokuwa humo walibakwa, kisha wengi wao wakafa katika moto. Ukurasa huu tunauandika kwa mukono mzito. Walikuwa chini ya ulinzi wa dola, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Silaha zilizotupwa na waliokimbia ziliokotwa, mabenki yalifungwa, feza zikalala nyumbani, na penye feza nyumbani usiku hausinziwi.

9. Sufuria na taili

Wenyeji wamejibu namna gani? Kuna majibu mawili, na yanatofautiana kama maji na moto.

Jibu la kwanza ni filimbi na sufuria. Katika kartie za pembeni kama Ndosho, Mugunga na Majengo, watu walipatana: mwizi akiingia kwako, piga sufuria, jirani akisikia, naye apige, mpaka avenyu yote ilie. Waliosikia kelele zile usiku hawawezi kuzisahau. Wengine walizicheka kuwa za kishamba, lakini sisi tunaona yowe la mababu limerudi katika nguo mpya. Pale ambapo nyumba kumi walijuana na kiongozi wao aliheshimiwa, mwizi alipita mbali. Taa za barabarani nazo zilisaidia, pale zilipowaka. Vilevile vijana waliounda LUCHA hapa Goma mwaka 2012 waliendeleza yowe hilo kwa njia nyingine: walipiga kelele mchana, bila jiwe mukononi, wakidai maji, kazi na usalama.

Jibu la pili ni taili. Tulishuhudia wenyewe. Miaka michache iliyopita, tukitoka masomoni, tulikuta kundi la watu limemzunguka kijana mwenye yunifomu ya shati nyeupe na suruali ya buluu. Walisema ameiba simu. Alikuwa mwanafunzi wetu. Damu ilikwisha kumtoka masikioni, na mutu alikuwa ametumwa petroli. Tunakiri kwamba miguu yetu ilikataa. Aliyemuokoa ni mama mmoja mchuuza makala, ambaye alikuja akakaa juu yake, akaeneza kitenge chake, akasema: "Kama munachoma, muchome na mie. Muite nyumba kumi." Walibishana karibu saa nzima. Kiongozi alifika, kijana akapelekwa.

Simu haikupatikana hata leo. Kama aliiba ao hakuiba, hatukuwahi kujua. Lakini mwaka ule alifanya mtihani wa dola, akapita.

Wale wanaosema kwamba kuchoma ni desturi, tunawauliza: taili lilifika lini katika inchi ya Bukumu? Petroli iliuzwa na mwami gani? Vitu hivi vimekuja na motokari, na hasira hii imekuja na askari asiyelipwa na gereza linalofunguka. Barza ilisikiliza mbele ya kukata; taili linakata mbele ya kusikiliza. Na tena taili halikumkamata bado hata mmoja wa wale wezi wakubwa. Linawakamata wenye miguu mifupi.

10. Kumaliza

Tukijumlisha, tunaona kamba moja. Wakati mali ilikuwa kambani, mwizi alikwenda kambani. Wakati bunduki ilikuwa rahisi kuliko unga, alibeba bunduki. Wakati mali iliingia mfukoni, akafwata mfuko. Ilipoingia ndani ya simu, akaingia ndani ya simu. Na mali ilipokwisha kabisa, akamuiba mutu mwenyewe. Nyuma ya kila hatua kulikuwa dola iliyoacha kulipa, vita iliyotupa silaha, ao mupaka uliofungwa kwa maskini na kufunguliwa kwa mukubwa.

Basi kwa mwanafunzi yule aliyeuliza "tumufanye nini", jibu letu ndilo hili. Piga sufuria, mutoto wetu. Toka ukisikia ya jirani. Mukamate, umufunge mikono, umuite kiongozi wa nyumba kumi, na uandike jina lake, saa na mashahidi, maana faili tupu ndilo linalomrudisha mwizi ku avenyu. Akirudi, muandike tena. Tunajua ni njia ndefu, na katika miaka ambapo hata hakimu hayuko kwenye kiti chake, inaonekana kama kuchota ziwa kwa kikombe. Lakini siku za mwizi zikiwa arobaini, zinapaswa kuhesabiwa na mutu. Anayechoma siku ya kwanza hatajua kamwe ni nani aliyekuwa wa arobaini.